Jinsi ya kusoma habari za bangi na ubongo bila kupigwa na picha ya skani

Ile picha ya bongo mbili mshaiona, moja imejaa vizuri, nyingine imesinyaa kama puto lililoisha upepo, chini wameandika huyu anavuta huyu havuti. Achana nayo. Tofauti ambazo watafiti wanazipata kwenye MRI (skani inayopiga picha ya ndani ya ubongo kwa sumaku) ni ndogo sana, hata daktari wa mionzi ukimpa skani ya mtu mmoja hawezi kukwambia huyu mvutaji, mpaka upime watu wengi kwa kompyuta utoe wastani ndo unaona kitu. Ila tofauti ndogo sio sawa na hakuna kitu, na hapo ndo mabishano yote yanapoanzia.

Anza na kuangalia wanasema ni sehemu gani ya ubongo. THC, ile kemikali inayoleta stimu (Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni waliitenga 1964), inajishika kwenye vipokezi vinavyoitwa CB1, yani sehemu za seli zinazopokea kemikali, na vipokezi hivi havijasambaa sawasawa. Vimejaa kwenye hipokampasi inayotunza kumbukumbu, kwenye amigdala inayoshughulika na hofu, sehemu ya mbele ya maamuzi, na serebela ya nyuma inayokufanya utembee bila kuyumba. Ndo maana mtu akishavuta anajikuta amesimama katikati ya chumba hajui alikuwa amefuata nini. Kwahiyo habari ikitaja sehemu hizo, endelea kusoma. Ikisema tu "bangi inaua seli za ubongo" bila kutaja wapi, pita.

Afu uliza walipimwa kina nani. Kuna utafiti wa Australia wa 2008 unaotajwa sana, wavutaji walikutwa na hipokampasi ndogo kwa asilimia 12 na amigdala kwa asilimia 7 hivi. Inatisha eeh, ila ukisoma ndani ni wanaume 15, wanaovuta misokoto zaidi ya 5 kwa siku kwa zaidi ya miaka 10. Huyo sio mtu wa wikendi. Mtu wa wikendi asishangilie lakini, maana yeye hakupimwa pale, sio kwamba alipimwa akaonekana mzima.

Pombe nayo usiisahau, wavutaji wengi wanakunywa na wanavuta sigara pia. 2015 watafiti wa Marekani walichukua wanaovuta kila siku wakawalinganisha na wasiovuta wanaokunywa kiasi kile kile, na tofauti za ukubwa wa ubongo hawakuziona. Ukikuta utafiti haujagusa pombe kabisa, upunguzie maksi.

Swali ninalolipenda mimi ni hili, walipima mara moja au mara mbili? Ukipima mara moja hujui kama bangi ndo imebadilisha ubongo au mtu alizaliwa hivyo. Mwaka huo huo 2015 kuna waliowapima ndugu wa tumbo moja, wakakuta amigdala ya mvutaji ni ndogo kidogo sawa, ila na ya ndugu yake asiyevuta nayo ni ndogo vile vile, yani ni mambo ya ukoo. Hapo wavutaji wanapiga makofi. Sasa njoo 2021, vijana 799 wa Ulaya walipigwa skani wakiwa na miaka 14 hivi kabla hawajagusa bangi, wakarudiwa baada ya miaka 5. Walioanza kuvuta katikati hapo, gamba la ubongo sehemu ya mbele lilikuwa limepungua unene haraka kuliko wenzao, na aliyevuta zaidi limepungua zaidi, wakati walipokuwa na miaka 14 unene wao haukutofautiana. Gamba kupungua ujanani ni kawaida, kinachonitia wasiwasi mimi ni ile spidi. Ubongo unaendelea kujijenga mpaka miaka 25 hivi, kwahiyo umri wa kuanza ni jambo la kuuliza kabla ya idadi ya misokoto.

Ukitaka kujiangalia mwenyewe skani haitakusaidia, chukua daftari. Andika ulianza na miaka mingapi, unavuta mara ngapi kwa wiki, na unakunywa kiasi gani, afu pumzika wiki 4. Kwanini 4, kwasababu wavutaji wa kila siku waliopimwa 2012 walikuwa na CB1 pungufu, na baada ya kama wiki 4 bila kuvuta vipokezi vilirudi karibu kila sehemu isipokuwa hipokampasi. Wiki ya kwanza utakuwa na hasira za ajabu, usingizi hauji, chakula hakipandi, afu zinakuja ndoto kali kama sinema, ni kawaida itapita. Ila kama unasikia sauti, au kwenu kuna mtu ana skizofrenia (ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie au aamini visivyokuwepo), hapo hakuna cha kujipima, acha na umuone daktari.

Kupima kumbukumbu, siku ya kwanza ya mapumziko mwambie mtu akusomee maneno 15, subiri dakika 20 uandike unayoyakumbuka, siku ya 28 rudia. Maneno yawe mengine, ukitumia yale yale utakuwa unapima mazoezi sio ubongo.