SOMO: Kuondoa mikwaruzo kwenye akriliki (soma lote ndipo uulize)

Wadau, swali la "plastiki yangu angavu imekwaruzika, nifanyeje?" nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu. Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namrushia uzi huu.

Jambo la kuelewa kwanza: mkwaruzo haujazwi. Unashusha uso wote unaouzunguka mpaka ulingane na kina chake, kisha unaurudishia mng'ao. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo ni kazi ya dakika chache na ule wa kina unakula mchana mzima.

1. Hakikisha ni akriliki. Kioo ukikigonga kwa kucha kinalia na ukikigusa kina ubaridi. Akriliki ina sauti butu.

2. Osha kwa maji na sabuni ya vyombo, kwa mkono au kitambaa laini. Spiriti, thina, asetoni na dawa ya vioo yenye amonia ni MARUFUKU.

3. Pitisha kucha kwa kuukatisha mkwaruzo. Isiponasa, ruka uende hatua ya 6. Ikinasa, endelea.

4. Msasa wa maji, ule mweusi. Anza na namba 600, kisha 800, 1000, 1500, 2000. Namba 400, yenye punje kubwa zaidi, ni ya mkwaruzo wa kina kama mfereji hasa, usiikimbilie. Funga msasa kwenye kipande cha sponji ngumu, lowesha, tia tone la sabuni, sugua bila kukandamiza. Sugua eneo pana kuliko mkwaruzo wenyewe, la sivyo utachimba kibonde na kila kitu kitakachoonekana kupitia hapo kitapinda. Kila ukibadili namba badili na mwelekeo: 600 kushoto kwenda kulia, 800 juu kwenda chini. Uso utajaa ukungu mweupe. Usiogope, ndivyo inavyotakiwa.

5. Suuza kati ya namba na namba.

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nivumilieni. Nilikuwa natengeneza kifuniko cha mashine ya santuri ya mjomba. Nilianzia 400 nikafika 2000 vizuri kabisa, ila maji ya ndoo yalikuwa yaleyale na sponji ileile. Punje ya msasa wa 400 ilikuwa imejificha kwenye sponji. Kwenye ule ukungu sikuona chochote. Nilipopiga polishi ndipo ikajitokeza mistari mitatu mirefu, inapinda kufuata mkono wangu, mibaya kuliko mkwaruzo niliokuja kuutoa. Ilibidi nirudi 800 na kupanda upya. Mjomba alikuwa amekaa pembeni ananitazama, hakusema kitu, na hilo ndilo liliuma zaidi.

Kwa hiyo: maji mapya kila namba. Sponji yake kila namba. Suuza kitu chenyewe, mikono, chini ya kucha na meza. Msasa ukidondoka sakafuni usiuokote, chukua mwingine. Ukisikia msasa unalia tofauti ghafla, SIMAMA hapohapo, usimalizie "mara moja tu".

6. Polishi ya plastiki kwenye kitambaa laini cha pamba, miduara midogo, futa, rudia mara tatu au nne. Dawa ya meno nyeupe inafanya kazi kwa mikwaruzo ya juujuu tu.

7. Futa kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu. Ukifuta pakavu akriliki inapata umeme tuli na kuvuta vumbi.

MASWALI

Jongoo: Mkuu, naweza kusafisha kwa spiriti kwanza ili itakate?

Mleta mada: Hatua ya 2.

Jongoo: Mbona mimi natumia siku zote na haijawahi kuharibika?

Mleta mada: Hongera. Akriliki iliyokatwa au kukunjwa kwa joto inabaki na mkazo ndani. Spiriti ikifika hapo zinatokea nyufa nyembamba kama nywele, na hizo zimeingia ndani, hakuna msasa wa kuzitoa. Kitu ni chako.

Kipepeo: Asante kwa somo. Naomba kujua, kubadili mwelekeo kunasaidia nini?

Mleta mada: Swali zuri, dada. Ukisugua upande mmoja tu, mistari ya 600 na ya 800 inalala pamoja, huwezi kujua ipi imebaki. Ukikatisha, mistari ya zamani inaonekana kama wavu. Mulika kwa tochi ya simu kutoka ubavuni, siyo kwa juu. Wavu ukiisha wote ndipo uhamie namba inayofuata. Kausha kabla ya kukagua, maana maji yanaficha mikwaruzo.

Tumbili: Mimi nimetumia drili na sponji ya polishi, dakika tano tu. Sasa pamekuwa peupe na panata. Polishi gani mbovu hii?

Mleta mada: Polishi haina kosa, umeiyeyusha. Akriliki inalainika karibu na nyuzi 100 za Selsiasi na drili inafika huko upesi ukitulia sehemu moja. Acha ipoe kabisa, rudi 600 kwa mkono.

Nahodha: Na taa za gari?

Mleta mada: Nyingi ni polikaboneti, siyo akriliki. Msasa unaondoa na lile tabaka la kukinga jua. Usiporudishia kinga, zitakuwa njano tena.

Kipepeo: Na tangi la samaki? Mkwaruzo uko ndani na samaki wamo.

Mleta mada: Polishi isiingie majini kabisa, wala sponji iliyowahi kugusa sabuni. Kama unaweza kuwahamisha samaki, hamisha, fanya kazi kwa utulivu. Ila tazama kwanza kama kweli unasumbua: mkwaruzo wa ndani unafifia tangi likijaa, kwa sababu maji yanapinda mwanga karibu sawa na akriliki kuliko hewa inavyofanya. Wa nje ndio unaokera macho.

Nahodha: Naongezea hapo. Tangi langu lilikwaruzwa na mchanga ulionasa kwenye kisugulio cha mwani. Tangu hapo nakisuuza kabla ya kila matumizi, na sishuki mpaka chini kwenye mchanga.

Mleta mada: Hii niliisahau, shukrani sana.

Jongoo: Kingo zilizokatwa na msumeno mimi napitisha moto wa gesi haraka, zinang'aa bila msasa.

Mleta mada: Kwa kingo, sawa, ukiwa na mkono mwepesi. Usijaribu kwenye uso. Na kingo iliyopitishwa moto ina mkazo, kwa hiyo ile spiriti yako iweke mbali nayo.

Bonde: Miwani yangu je?

Mleta mada: Usiguse. Lenzi ina tabaka lake juu na umbo lililopimwa.

Tumbili: Mkuu nimerudi. Nilianza upya 600, sasa niko 1500, mkono umekufa ganzi.

Mleta mada: Safi. Maji umebadili?

Tumbili: ...

Mleta mada: Mulika tochi kutoka ubavuni.

Tumbili: Narudi 800.