Kulisha kinda wa kokateli kwa mkono mpaka ajitegemee

Mwezi uliopita jirani alinigongea mlango akiwa na boksi la viatu. Ndani mlikuwa na makinda wawili wa kokateli, kasuku mdogo mwenye kishungi, wa wiki tatu hivi, manyoya yao bado miiba mitupu, wamejibana kwenye kipande cha kanga. Paka alikuwa amemkamata mama yao usiku, na baba naye akaacha kuwalisha. "Kaka, hawa watanifia mikononi," akasema.

Nimewahi kufiwa na makinda, nimewahi pia kuwafikisha kwenye kuruka. Nilimwandikia hatua kwenye karatasi, na hapa naongeza niliyoyasahau siku ile.

Kabla ya yote: kama wazazi wapo na wanalisha, waachie kazi yao. Watu wengi huamini kasuku hakuzoei mpaka umtoe kiotani mapema na kumlisha mwenyewe. Si kweli. Mshike kila siku dakika chache, umrudishe, atakuzoea vizuri tu. Kulisha kwa mkono ni kazi ya dharura, na usingizi wako utauona kwa wenzako.

Hatua ya 1: Vifaa

Bomba la sindano la mililita 10 (sindano yenyewe tupa), kipimajoto cha kidijitali cha kuchovya kwenye chakula, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na unga maalumu wa makinda wa kasuku. Mimi hutumia Kaytee Exact, ila NutriBird A21 nao hauna shida. Fuata vipimo vya kwenye pakiti.

Usikoroge uji wa lishe wa mtoto, hata kama una karanga na soya ndani, na maziwa ya ng'ombe usiyaguse kabisa, kwa sababu tumbo la ndege haliyawezi. Ukibanwa sana, kama duka limefungwa na kinda analia, uji mwepesi utakuvusha usiku mmoja. Ukiendelea na uji huo, utapata ndege mwenye mifupa laini.

Hata pesa zikiwa kidogo, mizani usiiache. Sababu utaiona mbele.

Hatua ya 2: Bruda (boksi la joto la kutunzia makinda)

Ndoo pana au boksi la plastiki, tishu nyingi chini, balbu ndogo upande mmoja ili kinda achague pa kukaa. Akihema mdomo wazi, ana joto. Akitetemeka au kujikunyata, ana baridi. Jiko la mkaa lisiingie chumba hicho hata dakika moja, na kikaango kisichogandisha kikiungua jikoni, moshi wake unaua ndege kabla wewe hujasikia harufu.

Hatua ya 3: Joto

Hapa ndipo nilipopoteza kinda wangu wa kwanza, kwa hiyo nivumilie.

Uji, yaani ule unga wa makinda uliokorogwa, unapoingia mdomoni uwe kati ya nyuzi 39 na 41. Ukizidi 43 unaunguza gole, kile kifuko cha chakula kinachotuna chini ya shingo. Ubaya wake ni kwamba siku hiyo hutaona kitu. Kinda atakula na kulala, kisha siku kadhaa baadaye ngozi ya mbele inakuwa nyekundu, inafanya kigaga, na mwisho uji unavuja kifuani kupitia tundu. Hilo linahitaji daktari wa mifugo na mshono.

Usipime kwa kidole, wala kwa kudondoshea mkononi kama maziwa ya mtoto. Ngozi ya mtu anayepika kila siku haihisi tofauti ya nyuzi tatu. Usitumie maikrowevu pia: juu uji unakuwa vuguvugu, katikati kuna donge linalochemka. Chemsha maji, yaache yapoe kidogo, koroga unga, chovya kipimajoto, koroga tena, chovya tena. Kisha weka kikombe ndani ya bakuli la maji ya moto ili uji usipoe wakati unalisha kinda wa pili. Unaposhuka chini ya nyuzi 38 wengi huanza kuukataa, na ule wanaoumeza unakaa tu kwenye gole.

Hayo nilikuwa nayajua. Yaliyonishinda ni mengine.

Ilikuwa Julai, kipupwe cha Dar, umeme ukakatika saa tano usiku nikiwa nimelala. Saa nane niliamka, nikawasha tochi, nikakuta gole la kinda bado limejaa kama nilivyoliacha saa tatu. Nikadhani uji ulikuwa mzito. Nikaongeza maji, nikapima joto la uji mara nne, nikampa kidogo tena juu ya ule uliokwama. Mpaka alfajiri gole lilikuwa gumu kama ugali uliolala, na mdomo wake unanuka uchachu. Hakumaliza siku.

Uji wangu ulikuwa sawasawa. Kinda mwenyewe ndiye aliyekuwa wa baridi. Ndege mchanga akipoa, tumbo lake linasimama, na kila unachomwagia juu kinaoza.

Kwa hiyo sasa, kabla ya kupima uji, naingiza mkono kwenye bruda na kugusa miguu ya kinda. Ikiwa ya baridi, simlishi. Nampasha kwanza kwa chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, mpaka miguu ipate joto. Makinda wa umri huu, wenye manyoya ya miiba, wanataka nyuzi 27 hadi 29. Mchana wa Dar unakupa hizo bure, lakini usiku, chini ya feni, hapana. Tanesco siitegemei tena: chupa ya chai iliyojaa maji ya moto inalala karibu na bruda kila siku.

Gole likikataa kushuka: mpashe, mpe mililita moja au mbili za maji vuguvugu, lisugue taratibu kwa kidole, usiongeze uji. Saa chache zikipita bila mabadiliko, au ukisikia uchachu, nenda kwa daktari. Mara nyingi ni fangasi, na dawa yake si zile kapsuli za antibayotiki zilizobaki kwenye droo yako.

Na kila siku mara moja, kwa kawaida asubuhi, gole liwe tupu kabisa kabla ya mlo wa kwanza.

Hatua ya 4: Kulisha

Saa kumi na mbili asubuhi, saa tano, saa kumi, saa tatu usiku. Kila mlo takriban asilimia 10 ya uzito wake: kinda wa gramu 70 anapewa mililita 7. Ingiza ncha ya bomba upande wake wa kushoto, ielekee kulia. Atatikisa kichwa kwa nguvu. Sukuma kwa mwendo huo, na akiacha kutikisa, acha. Mfute mdomo. Mabaki mwaga.

Hatua ya 5: Kumwachisha

Kuanzia wiki ya tano weka chini, kwenye sahani ya chini kabisa, uwele, mtama, mchicha uliokatwa, karoti iliyokunwa, yai la kuchemsha. Parachichi hapana, ni sumu kwao. Atachezea, atakanyaga, atanyea. Mwache. Punguza mlo wa mchana kwanza, wa usiku uwe wa mwisho kuondoka.

Usiachishe kwa kalenda. Wengine humaliza wiki ya saba, wengine ya kumi. Ndege wangu wa pili nilimkatia uji kwa sababu sahani ilikuwa imejaa maganda ya uwele kila jioni. Siku nne baadaye alikuwa ametoka gramu 92 hadi 74. Nilikaa nikamtazama kwa karibu: anachukua punje, anaipasua kwa ustadi kabisa, kisha anaidondosha, kiini na ganda pamoja. Alikuwa amejifunza kupasua tu, kumeza bado.

Tangu hapo napima kila asubuhi kabla ya chakula na kuandika. Akianza kuruka atapungua kidogo, ni kawaida. Akipoteza zaidi ya asilimia 10, bomba linarudi, na hakuna aibu.

Wale wawili wa jirani sasa wana wiki saba. Mkubwa anakula mwenyewe na amehamia juu ya pazia. Mdogo bado analilia mlo wa saa tatu usiku, na jana jirani aliniuliza kama anamdekeza. Nikamuuliza gramu. Themanini na sita, akasema, juzi themanini na tano. Nikamwambia aendelee.