Mfuko wa matibabu wa kikundi: namna ya kuupanga usife mapema

Mifuko ya matibabu ya vikundi haifi kwa wizi tu. Mara nyingi hufa hivi: anayejijua mgonjwa huwahi kujiunga, mzima husema atalipa akiugua. Mwaka ukiisha mfuko umebaki na wagonjwa watupu, mchango unapandishwa, na wazima wachache waliokuwamo nao wanajitoa.

Kwa hiyo uandikishaji utangulie pesa. Andikisheni kaya nzima, la sivyo baba ataleta jina la mtoto mwenye pumu na kuwaacha wengine. Mfuko wa Afya ya Jamii wa Tanzania, ulioanza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996, nao ulitoa kadi kwa kaya, ila kujiunga kulikuwa hiari, na tundu liko hapo. Kama ninyi ni chama cha msingi cha mazao, pitisheni azimio mchango ukatwe kwenye malipo ya korosho au kahawa ya kila mwanachama. Isipowezekana, andikisheni kwa mwezi mmoja tu kila mwaka, kisha wekeni siku 60 za kusubiri. Ajali na vichanga visisubirishwe.

Mchango upigiwe hesabu kwa risiti zenu za mwaka uliopita, si kwa kukisia. Tuseme mko watu 400, kila mmoja huenda kituoni mara 2 kwa mwaka, na bili ya wastani ni sh. 15,000: jumla sh. 12,000,000. Ongezeni robo, maana watu huenda zaidi wakijua mfuko unalipa: 15,000,000. Ongezeni asilimia 20 ya uendeshaji na akiba: 18,000,000, yaani sh. 45,000 kwa mtu. Upasuaji wekeeni kikomo. Na kabla ya kupokea hata shilingi, waulizeni TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, kama mpango wenu unahitaji leseni.

Mwanachama achangie sh. 2,000 kila anapokwenda kutibiwa. Msitumie asilimia ya bili, humwumiza aliyezidiwa. Wajawazito, watoto wadogo na wenye sukari au presha wasilipe kabisa: mgonjwa wa presha akiacha dawa kwa kukwepa sh. 2,000, mfuko utakuja kulipia kiharusi.

Kazi ngumu iko kwenye mkataba na kituo, kwa sababu anayeuza ndiye anayemwambia mgonjwa anahitaji nini. Mkilipa kwa kila huduma, kila kipimo ni mapato. Mtu ana homa, kipimo cha haraka cha malaria kinaonyesha hana, lakini bili inakuja na Widal (kipimo cha damu cha taifodi), dripu na mseto, yaani dawa ya malaria. Widal huweza kuonyesha taifodi hata kwa aliyewahi kuugua zamani, kwa hiyo ni rahisi kuifanya kisingizio cha kuuza dawa. Mkilipa kiasi maalumu kwa kila kichwa kwa mwezi, mwanachama augue asiugue, mambo hugeuka: sasa kituo kinapata faida kwa kutofanya kitu, na mtaanza kusikia “dawa zimeisha”. Changanyeni: kwa kichwa kwa wagonjwa wa nje, bei moja iliyopangwa kwa huduma nzima ya uzazi au upasuaji. Andikeni wazi kwamba mseto haulipiwi bila kipimo kinachoonyesha malaria, Widal peke yake hailipiwi, na bei hazibadiliki kwa miezi 12. Daktari abaki huru kutibu; ninyi mnaamua mnacholipia tu.

Mgonjwa asaini fomu baada ya kuhesabu dawa, si pale mapokezi. Mseto wa kawaida wa ALu kwa mtu mzima ni vidonge 24: vinne mara mbili kwa siku, siku tatu. Fomu ikisema 24 na mkononi ana 12, asisaini.

Kila mwezi, mtu asiye mhazini awapigie simu wagonjwa 10 waliochaguliwa kwa bahati nasibu: ulikwenda lini, ulipewa nini? Ugonjwa wa mtu usisomwe mkutanoni. Bili ya wastani ikipanda miezi miwili mfululizo bila mlipuko wa ugonjwa, itisheni kikao na kituo mkiwa na fomu mkononi.