Kutengeneza silika jeli kwa pumba za mpunga, hatua kwa hatua

Wadau, ukipita Ubaruku kule Mbarali msimu wa kukoboa unakuta milima ya pumba nyuma ya mashine, zingine zinachomwa hapohapo, zingine wanabeba wachoma tofali, zilizobaki zinaoza tu. Inauma kwa kweli, maana mle ndani kuna mali. Kilo 100 za mpunga zinatoa kama kilo 20 za pumba, ukizichoma unabaki na kama kilo 4 za jivu, na jivu zuri ni silika (kitu kilekile kilichomo kwenye mchanga na kioo) asilimia 85 hadi 95, yaani malighafi ambayo hata Goodyear wanaitumia kwenye tairi. Leo tunatengeneza silika jeli, vile vipunje vya kufyonza unyevu unavyovikuta kwenye boksi la viatu vipya.

Hatua ya 1, pumba. Chukua kwenye mashine zenye rola za mpira, zinatoa ganda peke yake. Vile vinu vya zamani vinasaga kila kitu pamoja, ganda na pumba laini na chenga, hiyo wape kuku. Pepeta mchanga utoke.

Hatua ya 2, kuosha. Usiiruke hii. Pumba zina potasiamu, na potasiamu kwenye moto inayeyusha silika juujuu na kufungia mkaa ndani, jivu linabaki jeusi hata uchome mpaka kesho. Loweka kwenye maji ya moto yenye ndimu ya unga (asidi ya sitriki), gramu 50 kwa lita, acha saa moja hivi, suuza sana, anika zikauke.

Hatua ya 3, moto, na kazi yote iko hapa. Tunataka nyuzi 600 hivi, isizidi 700. Ukizidisha silika inabadilika inakuwa ya fuwele, haiyeyuki tena kirahisi kwenye hatua inayofuata na vumbi lake ndo lile baya kabisa la mapafu, kwa hiyo jivu la tanuri la tofali msilichukue tu kwa sababu ni la bure, kule moto unapanda kupita kiasi. Mi nachoma mara mbili: kwanza kwenye pipa lenye matundu ziungue taratibu zenyewe ziwe mkaa, moshi wote uishie huko, alafu ule mkaa nautandaza mwembamba kwenye sinia la chuma ndani ya tanuri dogo, hewa ipite, saa kadhaa. Kama huna kipima joto angalia sinia gizani, chuma kikiwa chekundu kwa mbaali uko sawa, kikianza kung'aa punguza kuni. Jivu likiwa jeupe au kijivu cheupe limeiva. Vaa barakoa ya vumbi, sio kitambaa.

Hatua ya 4, kuyeyusha. Jivu gramu 100, maji mililita 600, kostiki soda gramu 24. Kostiki ndo inamwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, usije ukamwaga maji juu ya kostiki itakurukia. Glavu na miwani lazima, watoto wasiwepo. Na jamani SIO kwenye sufuria ya alumini! Kostiki inaila alumini na inatoa hidrojeni, gesi inayolipuka, na wewe una moto chini. Tumia chombo cha stenlesi. Chemsha saa moja ukikoroga na kuongeza maji yanayopungua, acha ipoe, chuja kwa kitambaa kizito mara mbili. Yale maji yasiyo na rangi ni silikati ya sodiamu, ukiyachemsha yakawa mazito tayari ni gundi ya maboksi na wanaosubu vyuma wanashikizia mchanga wa kalibu. Yahifadhi kwenye plastiki.

Hatua ya 5, kugandisha. Koroga ndimu ya unga gramu 40 kwenye maji mililita 200, mimina taratibu kwenye silikati huku unapima kwa karatasi za pH, zile za kupima ukali wa asidi au magadi. Mwanzoni huoni kitu, lakini pH ikishuka chini ya 10 mwiko unaanza kuwa mzito, ukungu mweupe unatokea, na ghafla chombo kizima kinakuwa kama uji wa muhogo. Endelea mpaka 7, simama hapo. Funika ulale nayo, asubuhi ivunjevunje, osha kwa maji ya moto mara nne au tano chumvi itoke, kausha kwenye nyuzi 80 mpaka ziwe punje ngumu.

Matumizi: weka punje kwenye kifuko cha kitambaa ndani ya chupa inayobana pamoja na mbegu zako za nyanya au bamia, uzito sawa kwa sawa, wiki moja zimekauka, alafu hamishia mbegu kwenye chupa nyingine. Jeli ikishiba unyevu irudishe kwenye oveni nyuzi 120, inatumika tena na tena.

Mnaotaka silikoni yenyewe ya betri za lithiamu, inawezekana, watu wa KAIST, chuo cha sayansi na teknolojia kule Korea Kusini, walionyesha 2013, silika ya pumba inachomwa na unga wa magnesiamu bila hewa kwenye nyuzi 650 hivi alafu inaoshwa kwa asidi. Ila msijaribu uani: unga wa magnesiamu ukishika moto maji hayauzimi, na kwenye kuosha inaweza kutoka gesi ya silani inayowaka yenyewe ikigusa hewa. Hiyo ni ya maabara yenye gesi ya argoni na kabati la kuvuta hewa chafu.