Mtoto Akipata Homa Baada ya Likizo Kigoma, Taja Safari Kwanza

Binti yangu wa miaka 4 alipopata homa hapa Uingereza, siku ya 12 tangu turudi kutoka Ujiji, nilimpeleka kwa daktari kisha nikangoja kuulizwa, kama tulivyozoea nyumbani. Kigoma hakuna haja ya kuitaja malaria, kwani mtoto mwenye homa akifikishwa zahanati huchomwa kidole kabla mama hajamaliza maelezo. Hapa niliulizwa habari za mafua, mkojo na mzio, nikaambiwa ni virusi vya kawaida, nimpe parasetamoli na maji. Hakuna aliyeuliza tulikotoka, nami sikusema. Siku ya tatu mtoto alilegea. Tulipokimbilia hospitali, muuguzi wa zamu akauliza kuhusu safari, damu ikapimwa, malaria ikaonekana.

Kwa hiyo taja safari kabla ya kutaja homa. Itaje kwenye simu, uitaje mapokezi, uitaje tena mbele ya daktari, kwa maana uliyemwambia wa kwanza huenda asimfikishie wa pili. Malaria kali ya kwetu huanza kujitokeza kama wiki moja baada ya kuumwa na mbu, mara nyingi ndani ya miezi 3, na huweza kuchelewa hata mwaka. Omba kipimo siku hiyohiyo, na kikiwa hasi ilhali homa inaendelea, omba kirudiwe. Usinyamaze kwa sababu mtoto alimeza dawa za kinga, kwani hazizuii kwa asilimia mia.

Mengine ni mepesi. Jisajilini kwa daktari wa familia mara mfikapo, kwani ndiye huandika rufaa ya kwenda kwa bingwa wa watoto. Namba 111 ni ya ushauri saa zote. 999 ni ya dharura, kama vile mtoto kupumua kwa shida, kupata degedege, kutoamka, au kuwa na upele usiofifia ukigandamizwa kwa glasi. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la nyuzi 38 asisubiri kesho.

Shangazi zetu wa Mwanga na Mwandiga huko Kigoma, tunajua mnatupenda, lakini msitufungie dawa ya mseto ya malaria kwenye begi la mgeni ili tumpe mtoto kwa kukisia. Na mnaposema ni kihoma tu, atazoea, kumbukeni kwamba aliyezaliwa ugenini hana ile kinga mliyoijenga kwa kuugua tangu utotoni.

Wenyeji wa hapa hawana haraka ya kutoa dawa, jambo ambalo sasa naliheshimu, kwa kuwa homa nyingi za watoto wao hupoa zenyewe. Ila adabu yao ya kutochimba mambo ya mtu huenda ikawafanya waone haya kukuuliza umetoka wapi. Tuliporudi safari iliyofuata, niliandika tarehe ya kutua kwenye karatasi na kuibandika mlangoni mwa jokofu, nayo haibanduliwi hadi mwaka utimie.