SOMO: Gari linanuka kuungua ukishapaki? Soma kabla hujanunua breki pedi

Wakuu, swali ni lilelile kila siku: "Nimetoka Moshi, nafika Arusha gari linanuka kuungua, ni nini?" Naandika mara moja, ukiuliza tena nakutupia hii. Fundi ukimwambia "linanuka" tu, atabadilisha anachokidhania. Mpelekee harufu gani, upande gani, wakati gani.

1. Kuna moshi au moto? Zima, shusha watu, kaeni mbali. Boneti usiifungue wazi, hewa itachochea. Zimamoto ni 114.

2. Hendibreki ulishusha? Hakikisha. Usicheke.

3. Chungulia chini. Kipande cha kiroba kikigandia kwenye ekzosi kinanuka kuliko injini mbovu. Kwangua ikishapoa.

4. Taja harufu. Oili iliyoungua: anza na gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini). Kama umemwaga oili leo, huenda ni ile iliyodondokea nje, itaisha. Isipoisha kagua filta. Mpira: belti inateleza. Tamutamu: kulanti (maji maalum ya kupozea injini) inavuja, na rejeta ya moto haifunguliwi. Mayai viza: masega (kisafisha moshi kilicho kwenye ekzosi), na hapo usipaki juu ya nyasi kavu. Kali ya kukera pua: klachi au breki. Umetoka kupanda mlima kwenye foleni umeishikilia gari kwa klachi? Jibu unalo.

5. Breki. Hapa ndipo hela nyingi zinapopotea, soma taratibu. Ukishuka Marangu mpaka Himo mguu uko kwenye breki njia nzima, tairi zote zitakuwa za moto na zote zitanuka. Hicho si kipimo, huo ni uendeshaji wako. Kipimo kinafanyika tambarare: endesha kilomita kadhaa bila kukanyaga breki ovyo, mwishoni achia mafuta mapema, gari lipunguze mwendo lenyewe. Shuka, sogeza kiganja karibu na rimu, USISHIKE. Linganisha kushoto na kulia. Usilinganishe mbele na nyuma, maana za mbele ndizo zinazobeba kazi kubwa ya kusimamisha gari, kawaida huwa na joto zaidi. Upande mmoja ukiwa tanuri na mwenzake umepoa, breki ya huo wa moto inang'ang'ania. USIMWAGIE MAJI, disiki inaweza kupinda au kupasuka. Ikipoa, weka vizuizi kwenye tairi, piga jeki, weka stendi, zungusha tairi kwa mkono. Likigoma, fundi alegeze kidogo nati ya kutolea upepo. Tairi likiachia, presha ilikuwa imenasa: mara nyingi ni mpira wa breki (hozi inayopitisha oili ya breki) umeziba kwa ndani, hata kama kwa nje unaonekana mzima. Lisipoachia, kagua pistoni na pini za kalipa (kifaa kinachobana pedi). Ukifunga pedi mpya kabla ya kujua lipi kati ya hayo, unaenda kuunguza pedi mpya.

6. Waya au plastiki: zima, chomoa terminali hasi ya betri. Fyuzi iliyokatika inarudishiwa ya kiwango kilekile. Nyekundu ni ampea 10, bluu 15, njano 20, kijani 30. Ukipachika ya kijani palipokuwa na nyekundu, kitakachoungua safari ijayo ni waya.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Mkuu langu linanuka, ni nini?

Jibu: Namba 4.

Mdau wa Sakina: Somo refu. Niambie tu ninunue nini.

Jibu: Usinunue kitu. Harufu gani? Upande gani? Ukiwa na hayo, karibu.

Dada wa Njiro: Samahani kaka, kwa nini langu barabarani halinuki kabisa, ila nikizima nyumbani baada ya muda kidogo naanza kusikia oili?

Jibu: Umeuliza la maana, dada. Barabarani upepo unaichukua harufu. Ukizima, upepo hakuna na kulanti haizunguki tena, kwa hiyo joto linajikusanya chini ya boneti, na oili inayochuruzika inakaangika palepale juu ya ekzosi. Usiku tandika boksi la karatasi chini ya injini, asubuhi utaona tone limeangukia wapi. Mpaka gasketi ibadilishwe, angalia kijiti cha oili mara kwa mara.

Mdau wa Usa River: Langu linapungua maji lakini sisikii utamu wowote. Basi halivuji?

Jibu: Unajazia nini?

Mdau wa Usa River: Maji ya bomba.

Jibu: Sasa utamu utoke wapi? Huo ni wa kulanti. Tafuta madoa ya kutu kwenye maungio ya hozi, halafu papasa zulia la miguuni kwa abiria wa mbele. Likiwa bichi, shuku rejeta ndogo ya hita. Na uache maji ya bomba.

Fundi, Unga Limited: Unatuharibia kazi. Fundi gani anabadilisha pedi ovyo?

Jibu: Kama si wewe, halikuhusu.

Fundi, Unga Limited: Haya. Waambie basi pedi mpya hunuka kidogo siku za mwanzo, wasije gereji na ugomvi. Na wanaoshuka Kibosho na otomatiki waweke L au 2, injini isaidie kulishika gari.

Jibu: Hiyo ya L ishikeni, wakuu. Asante fundi.

Mzee wa Machame: Mwanangu, langu hukaa wiki nzima chini ya migomba. Nikiliwasha linanuka majani yanayoungua.

Jibu: Shikamoo mzee. Fungua boneti kabla ya kuwasha. Panya hujenga kiota cha majani makavu juu ya injini. Toa yote, angalia na ndani ya kasha la ea klina, kisha fuata waya mmoja mmoja.

Mzee wa Machame: Marahaba. Kiota kipo, na waya mmoja umebaki shaba tupu. Naweza kuufunga na nailoni nishuke nao Moshi?

Jibu: Hapana mzee, nailoni itayeyuka. Chomoa betri, fundi umeme akufuate hukohuko.