Somo: Kumtambua mgugunaji wa asili wa Madagaska na kumpata ndugu yake wa kweli

Habari zenu wakuu. Tangu niweke zile picha za wagugunaji (wanyama wa kutafuna kwa meno ya mbele, kama panya na kindi) wa Madagaska, maswali ni yaleyale kila wiki. "Huyu si panya wa kawaida?" "Hawa si walikuja na meli?" "Mbona huyu kama sungura?" Naandika mara moja, tuwe tunarejea hapa. Tafadhali soma mpaka mwisho kabla ya kuuliza.

Hatua ya 1: Hakikisha ni mgugunaji.
Tazama mdomo. Mgugunaji ana jozi moja ya meno ya mbele juu na jozi moja chini, yasiyoacha kukua, kisha pengo, kisha magego. Chonge hana. Tenreki (wanyama wadogo wa Madagaska walao wadudu, si wagugunaji) wa jenasi, yaani kundi la spishi za karibu, iitwayo Microgale wakikimbia utaapa ni panya, lakini midomo yao imejaa vijino vyenye ncha. Aye-aye naye ana meno ya mbele yasiyoacha kukua, na mwaka 1788 aliandikwa kuwa ni kindi. Ni lemuri, jamaa wa mbali wa nyani na kima.

Hatua ya 2: Watoe wageni.
Panya mweusi (Rattus rattus), panya wa mitaro (Rattus norvegicus) na panya mdogo wa nyumbani (Mus musculus) waliletwa na watu. Usiseme "nimemkuta msituni, basi ni wa asili". Panya mweusi ameshaingia hadi katikati ya misitu ya kisiwa kile. Mkia unasaidia: Eliurus, jenasi yenye spishi nyingi kuliko nyingine zote za asili pale, ana kishungi cha manyoya kuelekea ncha ya mkia, na panya mweusi hana. Lakini mkia usiufanye hakimu wa mwisho. Gymnuromys ni wa asili, na mkia wake una manyoya machache mno. Jina lenyewe la kisayansi linasema hivyo. Kama una fuvu, geuza utazame magego ya juu. Ya wageni yana safu tatu za vinundu, na wa asili hawana mpangilio huo.

Hatua ya 3: Andika mahali, mwinuko na tarehe.
Bila mahali hakuna jibu. Eliurus webbi ni wa misitu ya nyanda za chini mashariki, Eliurus majori ni wa milimani, Eliurus myoxinus ni wa magharibi pakavu.

Hatua ya 4: Usichore ukoo kwa sura.
Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilipokuwa najifunza nilipewa trei ya ngozi na mafuvu ya wagugunaji wa Madagaska, nikaambiwa niwapange kwa undugu. Kulikuwa na Brachyuromys, mnene, masikio mafupi, mkia mfupi, anayepita kwenye vijia vya chini ya nyasi. Kulikuwa na Macrotarsomys, gramu 25 hivi, masikio makubwa, miguu ya nyuma mirefu, mrukaji kama panya wa jangwani. Kulikuwa na Brachytarsomys, mpanda miti mwenye manyoya laini. Na kulikuwa na Hypogeomys antimena, anayefikia kilo 1.2, masikio marefu, kama sungura kabisa. Nikaona mambo ni wazi: hawa hawawezi kuwa ukoo mmoja. Nikaandika ripoti nzima kwamba wagugunaji walifika kisiwani si chini ya mara nne, kila kundi na babu yake. Mwalimu wangu aliisoma, akaniwekea mbele mti uliojengwa kwa vinasaba. Wote walikuwa tawi moja. Ripoti yote ikabidi iandikwe upya.

Kosa lilikuwa hili: sura inakueleza mnyama anaishije, haikuelezi ni mtoto wa nani. Anayekula majani makavu na nyasi atapata magego marefu yenye uso bapa, awe Madagaska au Ulaya. Anayekimbia kwenye mchanga ulio wazi atapata miguu mirefu. Mimi nilisoma kazi zao, nikadhani nasoma nasaba.

Kwa hiyo angalieni sana mambo mawili. La kwanza, magego ya Hatua ya 2 yanakusaidia kumtoa mgeni tu. Usiyatumie kupanga undugu wa wenyeji wenyewe kwa wenyewe, maana chakula kimeyachonga upya. La pili, wanaofanana wanaweza kuwa mbali na wasiofanana wakawa ndugu wa damu. Mfano ninaoupenda ni Monticolomys koopmani, panya mdogo wa misitu ya milimani aliyetambulishwa kwa sayansi mwaka 1996. Ukimtazama huwezi kumfikiria yule mrukaji wa mchanga wa magharibi. Vinasaba vinasema ndugu yake wa karibu kuliko wote ni yuleyule Macrotarsomys.

Hatua ya 5: Weka miaka.
Madagaska ilijitenga na Afrika takriban miaka milioni 160 iliyopita, na ikaachana na India takriban milioni 88 iliyopita. Babu wa wagugunaji hawa alifika baadaye sana, kama miaka milioni 20 hadi 24 iliyopita kwa makadirio ya vinasaba. Maana yake hakutembea kwa miguu. Alivuka bahari, na maelezo yanayokubalika zaidi ni chelezo cha miti na uoto kilichong'olewa na mafuriko ya mto. Leo mikondo ya Mlango wa Msumbiji, bahari iliyo kati ya Afrika na Madagaska, inasukuma vibaya kwa safari hiyo, lakini mwaka 2010 watafiti Jason Ali na Matthew Huber walionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba zamani, kisiwa na bara vikiwa kusini zaidi, mikondo iliweza kuelekea Madagaska.

Kutoka kwa ujio ule tuna jenasi 9 na spishi zaidi ya 25 zilizo hai, zote za nusufamilia Nesomyinae, na hakuna hata moja inayoishi kwa asili mahali pengine duniani.

Hatua ya 6: Piga picha yenye rula pembeni, usimshike, usitege mtego bila kibali cha mamlaka za kule.

MASWALI YA WANACHAMA

Kipanga: Mkuu, lakini panya si walikuja na meli za wafanyabiashara?

Jibu: Hatua ya 2 kwa wageni, Hatua ya 5 kwa wenyeji.

Mtu wa Bonde: Nimepata picha mtandaoni, imeandikwa "Madagascar rat". Ni spishi gani? Nina haraka.

Jibu: Mahali? Mwinuko? Mkia hauonekani, mdomo hauonekani. Sitabahatisha. Rudi Hatua ya 3.

Bi Mwanaidi: Ahsante kwa somo, mwalimu. Huyu Hypogeomys amenishika. Kwa nini akawa mkubwa vile wakati ndugu zake ni wadogo?

Jibu: Dada, swali zuri. Kisiwa kile hakikuwa na sungura wala swala wa asili, kwa hiyo nafasi ya mnyama wa kilo moja anayeokota matunda na mbegu zilizoanguka ilikuwa wazi. Naona hilo ni sehemu kubwa ya jibu. Lakini ukubwa umekuja na maisha yake ya pekee. Dume na jike hukaa pamoja miaka, wanachimba shimo lenye milango kadhaa, na kwa kawaida jike huzaa mtoto mmoja kwa mzao. Baba hulinda watoto, jambo lisilo la kawaida kwa wagugunaji. Fosa, mnyama mla nyama wa kisiwa kile, na nyoka aina ya boa huwawinda. Uzazi wa polepole namna hiyo hauhimili kukatwa kwa misitu, na leo amebaki kwenye kipande cha msitu mkavu cha Menabe, magharibi mwa kisiwa, kaskazini ya mji wa Morondava. Yuko katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Alikuwepo na jamaa yake, Hypogeomys australis, tunayemjua kwa mifupa tu.

Mwanasheria wa Porini: Unasema ujio mmoja kana kwamba umeshuhudia. Tafiti zenyewe zilipingana.

Jibu: Zilipingana, na sijaficha. Tafiti za vinasaba za miaka ya 1990 hazikutoa jibu safi. Zilizofuata, zilizotumia jeni nyingi zaidi, ziliwakusanya wote tawi moja. Mimi mwenyewe nilishaandika ujio mara nne, nikarekebishwa kwa ushahidi. Ukiwa na ushahidi mpya ulete, nitausoma. "Zilipingana" peke yake haitoshi.

Mngazija: Kwetu Komoro tuko katikati ya mlango huohuo. Mbona hatuna wagugunaji wetu?

Jibu: Kaka, Komoro ni visiwa vya volkano, vimeota kutoka chini ya bahari na havijawahi kuungana na bara. Ni vidogo pia, na chelezo kukilenga kisiwa kidogo ni kazi. Mamalia wa nchi kavu waliofika wenyewe ni popo. Hata tenreki na lemuri mnaowaona walipelekwa na watu. Tazama na Madagaska yenyewe: mamalia wasioruka wa asili walio hai leo ni makundi manne tu, yaani lemuri, tenreki, wanyama wala nyama wa jamii ya fosa, na hawa wagugunaji.

Kipanga: Nimesoma sasa, samahani mkuu. Kwa hiyo huku bara hawana ndugu?

Jibu: Wapo, na unamjua. Panya buku, yule anayefunzwa Morogoro kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, ni wa familia hiyohiyo ya Nesomyidae. Kwa undugu yuko karibu na Hypogeomys kuliko alivyo karibu na panya wa darini kwako.

Mtu wa Bonde: Nimerudi. Picha ilipigwa Ranomafana, mchana, mnyama ana rangi nyekundu ya kutu, mkia una manyoya. Nimeambatisha nyingine.

Jibu: Hapo sasa tunaongea. Mchana, mwekundu, anatembea ardhini, msitu wa mvua: ni Nesomys. Pale wapo wawili, Nesomys rufus na Nesomys audeberti, na audeberti ni mkubwa zaidi. Bila rula kwenye picha siwezi kukuamulia, lakini jenasi umeipata.

Bi Mwanaidi: Na anayekuta panya amekufa kule msituni, amchukue fuvu?

Jibu: Usimguse kwa mkono mtupu. Tauni, ugonjwa unaoenezwa na viroboto wa panya, iliingia Madagaska mwaka 1898 kupitia bandari ya Toamasina na haijaondoka. Mwili ukipoa viroboto wanahama kutafuta joto, na joto la karibu ni wewe. Mafuvu yapo kwenye makumbusho, na wengi watakuruhusu kupiga picha ukiomba. Piga magego kutoka chini, mwanga uje kwa ubavu ili vinundu vitoe vivuli, na rula ilale usawa mmoja na meno. Ukizipata zitume, tutazisoma pamoja.